Fremu ya Mlango wa Laini

Mimi ni mwongo. Niseme mapema, usije ukanihurumia bure.

Nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi katikati ya majani chai huku Kericho. Chumba kimoja, jiko la nje tulilotumia na majirani watatu, watoto wanne, baba wa kupalilia na mama wa kuchuma, wote wawili wametoka Kisii. Juu kidogo ya laini ilikuwapo nyumba ya karani: ya mawe, madirisha ya vioo, maua mlangoni. Nilipoolewa Sosiot, kwa watu wenye chai yao wenyewe na ng'ombe wa gredi, mama mkwe aliniuliza kwetu tulikaa nyumba gani. Mdomo ukatangulia. "Ile ya mawe," nikasema. "Baba alikuwa karani."

Karani wapi! Lakini uongo ule ulikaa miaka yote hiyo, ukanona, nami nikaulisha.

Mwaka jana tukasikia laini zitabomolewa, maana siku hizi mashine ndizo zinachuma na watu wamehama. Vijana wa kanisa letu wakaamua kuandika kumbukumbu za wazee kuhusu nyumba za zamani. Wakapewa ruhusa wachukue vitu vichache kabla tingatinga halijaingia, chochote ambacho wazee wangeonyesha. Mama yangu, ambaye sasa anakaa kwangu, aliposikia hivyo alifufuka. Alifua kitambaa chake cha kichwa mara mbili. Wiki nzima alikuwa na habari moja tu: fremu ya mlango wetu.

Wachumaji wa zamani walikuwa na ufito mrefu. Unaulaza juu ya michai upate usawa; jani linalopita ufito ndilo unachuma. Kila Krismasi mama alirudi nao nyumbani, akatusimamisha mlangoni mmoja mmoja, akaulaza vichwani mwetu, kisha akakata alama kwa kisu kwenye fremu. Alama zangu zinapanda mpaka juu. Za kaka yangu mdogo ni mbili, halafu basi. Surua. Hatuna picha yake hata moja, na pale alipozikwa sasa ni mikaratusi mitupu. "Waing'oe ile fremu waniletee," mama aliniambia. "Nishike pale kichwa chake kilipofika."

Jumapili vijana wakaja. Mama mkwe naye akaja, habari za zamani anazipenda kuliko chakula. Hata daftari halijafunguliwa, akasema kwa majivuno, "Huyu mama aliishi ile nyumba ya mawe! Mume wake alikuwa karani, si mtu wa hivi hivi."

Msichana mwenye daftari akamgeukia mama. "Gogo, ni kweli?" Ndivyo tunavyoita nyanya huku.

Mama akaniangalia. Hakuna aliyenifunga mdomo, aki. Niliinamia sinia nikaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa. Wakati ule nilikuwa bado naona aibu ya laini. Aibu ya uongo ilikuwa haijanifikia.

"Ni kweli," mama akasema. Akawaeleza ile nyumba chumba kwa chumba, na sakafu nyekundu inavyong'aa ukiipiga nta. Nilijua ameijulia wapi. Aliipiga nta kila Jumamosi, amepiga magoti, mke wa karani amesimama juu yake akimwonyesha palipobaki.

"Na tukuletee nini kutoka huko, gogo?"

Mama akakiweka sawa kitambaa chake cha kichwa. Nilijua anachotaka, nikaomba asikiseme. Ndiyo, niliomba, Mungu anisamehe.

"Kitasa cha mlango wa mbele," akasema. "Kile cha shaba."

Tingatinga liliingia Jumatano. Nilikuwa na Jumatatu nzima na Jumanne nzima. Gari lilikuwa nje, msumeno uko stoo, na kutoka kwangu mpaka laini si mbali. Nikajiambia watu wataniona nikibeba mbao za laini, wataanza kuuliza. Wueh! Mwanamke mzima, mwenye wajukuu. Alhamisi nilipita na gari, nikakuta udongo mwekundu umesawazishwa na vijana wawili wakiokota mbao zilizovunjika za kuni. Sikushuka.

Kitasa kililetwa Jumapili iliyofuata, kimesuguliwa, kimefungwa utepe. Mama mkwe akapiga makofi. Mama akakipokea kwa mikono miwili, akawashukuru vijana, akawaombea. Hakuuliza habari ya laini.

Walipoondoka nilibaki naye sebuleni. Nikataka anitukane. Nilikuwa tayari, hata anipige kibao. Nikasema, "Mama, ile fremu..."

"Wachana nayo," akasema, bila hasira. Akanikabidhi kitasa. "Weka hapo juu ya kabati, mama mkwe wako awe anakiona."

Nikakiweka.