Kamba Iliyomshusha Baba Mdogo

Kama unataka kucheka, cheka sasa kabla sijaanza. Haya niliyaona mchana, jua likiwaka, sijalewa wala sina homa.

Kaka yangu Kyalo alipenda kupanda miti. Si kwa kutafuta asali wala kuni, ni kwa raha tu. Alikuwa amefanya kazi kwenye kambi moja ya watalii, na ilipofungwa, mwishoni mwa miaka ya tisini, alirudi kwetu Mwala na mkanda wa kuvaa kiunoni na mapajani, vyuma vyake, na kamba moja nzuri ajabu. Kila Jumapili tulikuwa kwenye mkwaju wa shambani, majirani wakituita nyani. Kamba ilipita juu kwenye puli, kile kigurudumu alichokifunga tawini. Ncha moja ilikuwa kiunoni mwake, nyingine kwangu chini, kwenye chuma cha breki. Nani mwingine aliwahi kunikabidhi uhai wake? Niliipenda kazi hiyo kuliko hata yeye alivyopenda kupanda.

Kisha baba mdogo Mulwa akafa. Alikuwa mtu mnene, na wanawe wawili wakaja kutuomba ile kamba ya kushushia jeneza. Ungewanyima? Huku kwetu ukimnyima marehemu kamba, kesho unaitwa mchawi. Basi pale kaburini, kila mmoja ameshika upande wake, wakaanza kugombania shamba la karibu na mto, na mmoja kwa hasira akaachilia. Jeneza likatangulia kichwa, likakaa mshazari. Sote tuliona. Mchungaji akapandisha wimbo, udongo ukamwagwa haraka haraka, tukaenda kula.

Kamba iliporudi nilimwambia Kyalo tutafute nyingine. Tukazunguka maduka ya vifaa vya ujenzi Machakos mjini mpaka miguu ikauma. Ya mkonge inaoza ndani na hujui. Ile ya bluu ya plastiki ikisuguana na gome inayeyuka. Nailoni ya kuvutia magari inarefuka kama mpira. Na ndoano zao zilikuwa za kufungia mbwa, hazina hata skrubu ya kufunga mdomo. Mama mmoja mwenye duka akasema, "Chukua hii. Inashika hata fahali."

"Mama, fahali akianguka ako chini tayari," Kyalo akamjibu.

Tukarudi mikono mitupu. Akaifua ile yetu, akaianika kivulini, akaipapasa yote kwa vidole akitafuta mahali palipolegea. Haikuwa na kasoro.

"Iko sawa," akaniambia. "Kamba haijui imebeba nani."

Kwa upande wa nyuzi na vyuma alisema kweli kabisa. Kwa hivyo Jumapili nikaenda naye.

Alikuwa amekaribia tawi niliposikia harufu ya udongo mbichi. Nikageuka. Baba mdogo Mulwa alikuwa nyuma yangu, amevaa suti tuliyomzika nayo, kichwa kimeinamia upande, ameshika mkia wa kamba.

"Nishushe, mwiitu," akasema. "Waliniacha nimelala vibaya."

Niamini, aliongea kwa upole, akiniita binti kwa Kikamba, kama alivyoniita siku zote. Halafu akaanza kuzama ardhini, polepole, kamba mikononi. Na puli unaijua: huyu akishuka, yule anapanda. Kyalo akaanza kuvutwa juu.

"Unanivuta kwa nini? Wacha! Vidole vyangu!"

Nikaing'ang'ania kamba isishuke, viganja vikachunika. "Baba mdogo, si sisi tuliokuangusha!" nikalia. "Waendee wanao!"

Udongo ulikuwa umemfika kifuani. Akaniangalia.

"Hao hawana kamba."

Hasira inanipanda hata sasa ninapokuambia. Yaani aliyekosa anaachwa, anafuatwa aliyesaidia? Baba mdogo alipofika chini alikotaka kufika, akaiachia kamba. Kyalo akaporomoka, breki ikamdaka karibu na nyasi. Vidole vya mkono wake wa kulia vilibaki juu kwenye puli. Pale aliposimama baba mdogo hapakuwa na shimo, hata nyasi hazikulala.

Wale wawili waligawana shamba, wanaishi vizuri. Kamba niliizika mwenyewe. Kyalo anasema hakuona mtu yeyote. Kutoka kule juu aliniona mimi peke yangu, mikono kwenye kamba. Majirani wakaongeza yao, eti nilitaka urithi wake. Tangu siku hiyo hapokei hata maji kutoka mkononi mwangu.

Wewe ukiombwa kamba ya matanga, toa. Lakini usiirudishe nyumbani, hata kama mji mzima hauna nyingine kama hiyo. Mimi nilimshika kaka yangu kwa nguvu zangu zote, na mpaka leo anaamini nilikuwa ninamvuta.