Hitma ya Mzungu wa Tasnifu Yangu

Mzungu niliyekuwa namwandikia tasnifu alikuwa amekufa zamani, na kazi yake yote aliifanya akiwa kitini. Alikusanya miungu ya dunia nzima, wafalme waliouawa wakianza kuzeeka, sherehe za mavuno, uchawi wa nywele na kucha, bila kufunga safari kwenda kumwuliza mtu yeyote. Wamisionari na maofisa walimwandikia, yeye akalinganisha. Aliona binadamu amepanda ngazi: kwanza uchawi, kisha dini, mwisho sayansi. Mimi, mwanafunzi wa Bujumbura wakati wa vita, nilimwonea wivu kile kiti.

Profesa wangu hakutaka habari za viti. Alitaka niende milimani nikawaulize wazee juu ya sherehe ya mtama ya wafalme wetu, nipime kama mawazo ya yule mzungu bado yana uhai. Nikamweleza kwamba mabasi ya kwenda huko yanaviziwa. Akanisikiliza kama anayeambiwa saa yangu ya kuniamsha haikulia.

"Bila tereni, apana diploma," akasema; tereni ndiyo huo utafiti wa kwenda kuwauliza watu.

Basi miaka yangu yote ya chuo ikawa inategemea basi ambalo mwenye akili zake asingelipanda. Nilirudi nyumbani Buyenzi nimevimba kwa hasira. Bibi yangu, aliyenilea, akataka kujua huyo mzungu anayenikondesha ni nani. Nikamweleza.

"Alikufa?"

"Zamani, Bibi."

"Na nani alimusomea hitma?"

"Hakuna. Sidhani hata alikuwa na dini."

"Ndiyo maana njia imekufungia! Mutu anakulisha elimu, we hata dua moja apana! Na huyo mwalimu wako aje pia. Si anakula sahani hiyohiyo?"

Kwanza nilikasirika, halafu nikafurahi. Nilikuwa nimempata bibi katikati ya ngazi ya mzungu, mguu mmoja kwenye uchawi, mwingine kwenye dini, na nauli sikulipa. Lakini yeye hakuwa anafanya utafiti. Kesho yake mchele ulikuwa unachambuliwa, nami nikamwalika profesa, nikamwomba aihesabu hitma hiyo kuwa tereni yangu.

Ijumaa baada ya swala ya mchana mikeka ikatandikwa uani. Mtaani watu wakiona mikeka na sufuria kubwa hawaulizi mara mbili. Majirani wakaingia na nyuso za msiba.

"Poleni sana. Ni jeshi ama ni wale wengine?"

"Apana, ni uzee tu," bibi akajibu.

"Uzee! Al-hamdulillahi!" Mama mmoja akapiga vigelegele kidogo, akajizuia. Miaka ile hatukuwa tumesikia habari nzuri kama hiyo.

Profesa alifika akitokea mtaa wa Nyakabiga, karibu kabisa na kwetu, njia ambayo siku hizo watu waliipita kwa mashaka. Alivaa koti na tai. Kwa uso wake nilijua amekuja kunikatalia. Akaketi mkekani kwa shida, magoti yamemfika kidevuni.

Shehe naye akagoma. "Marehemu alikuwa Mwislamu?"

"Alisoma dini zote," bibi akasema. "Yetu ataikosa wapi?"

Shehe akajikuna ndevu muda mrefu. Mwisho akatafuta mlango wa uani: hitma itakuwa ya wafu wa mtaa, na mzungu ataingia kama mgeni, Mungu mwenyewe aamue wapi pa kumkalisha. Nikamtazama profesa. Mkono ulikuwa umeziba mdomo, mabega yanacheka. Nikaona diploma yangu inasogea karibu kidogo.

Juzuu zikasomwa. Kabla ya dua, shehe akauliza kama kuna mwenye kuongeza mtu. Kisha profesa, aliyetufundisha mwaka mzima kwamba ibada za wafu ni hofu ya walio hai, akainua kidole kama mwanafunzi.

"Shehe, na mutu ambaye hatukuona maiti yake, munamusomea?"

"Tunamusomea. Jina lake?"

Alilitaja kwa sauti ndogo mno hata shehe akamwomba arudie. Aliporudia, sauti ilimkatika katikati. Bibi akasogea akamshika mkono, hakuuachia mpaka dua ilipokwisha. Mimi nililia, na sikujua namlilia nani.

Pilau ilipoliwa profesa akaniambia tereni imepatikana, niandike. Sehemu ya lile jina alilolitaja akaomba niiache nje, nami nikaiacha.

Siku ya kutetea tasnifu, mmoja wa majaji, mtu mkavu, akafungua ukurasa wa hitma akakunja uso. "Hapa sielewi. Watu wote hawa walikuja kumwombea mzungu wasiyemjua?"

"Ndiyo," nikasema. "Ilikuwa hitma yake."

"Yake peke yake?"

Nilijua jibu langu likiyumba wataniangusha, na neno lingine sikuwa na ruhusa ya kulisema.

"Na ya mdogo wangu," profesa akasema, akavua miwani. "Endelea, tunakusikiliza."