Nyonga ya Mlimani Mbele ya Daktari wa Dar

Mara ya kwanza nilikwenda Dar es Salaam kwa sababu ya nyonga yangu ya kulia. Sasa naondoka tena, na ninyi wenzangu wa Gare kila Jumapili nje ya kanisa mnaniuliza, "Mama Salome, hivi walikwambiaje kule?" Nimechoka kuwajibu nusunusu. Leo nasema yote, msiniulize tena.

Bustani yangu iko bondeni, mnaijua. Tangu biashara iwe ruksa na malori ya Dar yaanze kupanda huku kufuata mboga, ile bustani ndiyo iliyonisaidia kulea wanangu baada ya baba yao kufariki. Lakini ilifika mahali kupanda na tenga la karoti kichwani kunaniuma mpaka natapika, na kitandani sina upande wa kulalia. Pale hospitali ya Lushoto wakanipiga picha ya mfupa. Wakasema mfupa unasaga mfupa, niende Dar kwa daktari bingwa, yeye ndiye ataamua kama wakati wa kuwekewa nyonga bandia umefika.

Asubuhi ya safari nilipanda basi Lushoto mjini. Zile kona za kushukia Mombo nilizihesabu kwa kuguna, jirani yangu wa kiti akadhani namlaani dereva. Baada ya Mombo ni tambarare na mkonge. Tuliposimama Korogwe nikashuka kunyoosha mguu, nikajikuta natembea vizuri tu. Nikafurahi, mjinga mimi.

Dar es Salaam alinipokea binti yangu Salome. Nyumba yake haina hata kizingiti cha kukwaza mtu: sakafu ya saruji, bomba ndani, choo cha kukalia. Nilipumzika siku chache, mguu ukatulia kama si wangu.

"Mama, unaona?" akasema. "Hapa hata fimbo huihitaji."

"Nimekuja kutengenezwa, sikuja kuhamia," nikamjibu. Akacheka, nami nikacheka.

Hospitalini, daktari alikuwa kijana wa umri wa Salome. Alisimama akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikampenda hapohapo. Akaniambia nitembee mbele yake kwenye korido. Nikatembea, bila fimbo, nimenyooka, maana sipendi kuonekana kilema mbele ya wageni.

"Unatembea vizuri, mama," akasema, na hapo ndipo nilipoona mambo yameanza kuharibika. "Kwenye tambarare unaweza kwenda umbali gani bila kupumzika?"

"Daktari, kwetu tambarare ni uwanja wa kanisa tu."

Alicheka. Nikamweleza kila kitu: mteremko, tenga, kuchuchumaa kwenye matuta, choo cha nje, kisima. Akaacha kucheka, akaiinua picha yangu kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu.

"Picha ni mbaya kweli," akasema. "Lakini hatumpasui mtu kwa ajili ya picha. Tunaangalia nyonga inamzuia nini, na akishawekewa mpya ataitumiaje. Nikikuwekea, maumivu yatapungua sana. Ila usichuchumae tena, usiiname kupalilia, usibebe mzigo kwenye mteremko. Inaweza kuchomoka, na italika upesi. Ukikaa huku kwa binti yako, tunapanga siku leo hii. Ukirudi kwenye mlima huo, kwa kweli naogopa kukupasua."

"Kwa hiyo unanipa mguu, unaninyang'anya bustani."

"Uamuzi ni wako, mama. Mimi sitakulazimisha."

Salome akanishika mkono. "Kubali, mama. Bustani atalima mtu mwingine."

"Na wewe ulisomeshwa na bustani ya nani?" nikamuuliza. Daktari alitazama mezani. Nikasimama, nikamwambia nitaondoka na mfupa wangu niliozaliwa nao.

Kurudi, basi lilipoanza kupanda kutoka Mombo na baridi ya kwetu ikaingia dirishani, nilijiona nimeshinda. Namuomba Mungu anisamehe kiburi kile. Salome alikuwa amelia stendi, nami nikajifanya natafuta tiketi.

Masika iliyofuata niliteremka bondeni kwa makalio, ngazi moja moja, nikisubiri watu wapite ndipo niendelee. Mvua za vuli zilipoanza sikuweza tena. Mboga zile mnazoziona kule zimelimwa na jirani yangu, na ananitunza, simlaumu. Mimi nashinda mlangoni nikichambua maharage ya watu. Choo chenyewe nafika kwa kushikilia ukuta.

Nilichojifunza ni hiki, na kinaniuma kuliko mguu. Nilikwenda nikidhani daktari atanitazama na kuniambia wakati umefika, kama mtu anavyofukua kiazi na kuona kimekomaa. Hakuwa na jibu hilo peke yake, alihitaji langu. Nami nilihesabu yote ambayo nyonga mpya ingenikataza. Ya zamani sikuihesabia kitu, na ndiyo iliyonikataza yote yale, na usingizi pia ikachukua. Majuto ninayo, sifichi.

Mwezi uliopita nilimpigia Salome kwa simu ya posta, nikamwambia aje anichukue. Ameongea na yule daktari. Daktari anasema niende anione kwanza, maana misuli imelegea kwa kukaa, na safari hii haahidi kitu.

Jana Salome alifika. Hakunikumbusha neno hata moja. Amefunga nguo zangu, amewagawia majirani kuku, kisha akaniuliza kama kuna kitu cha nyumbani ningependa tuondoke nacho. Nikamwambia hakuna, ila ningependa kwanza niione bustani. Akatazama ule mteremko, akatazama mguu wangu. Akavua viatu vyake vya mjini, akachuchumaa mbele yangu, akanibeba mgongoni.