Baridi ya Mwezi wa Saba

Kiyoyozi cha chumba cha kompyuta bosi wangu alikitoa mchana kweupe, akakipeleka kwenye duka lake la samaki wa barafu kule Kikula. Kisha akaniletea karatasi ya kuthibitisha kwamba mashine imekufa. Nikitia sahihi, ingeuzwa kama vyuma chakavu, nami nirudi nyumbani kupika.

"Mama, signer tu hapa. Mashini ilishakufa."

"Minye siwezi kusigner, Chef. Haiyakufa. Iko nasikia joto tu."

Akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mashine ile, kubwa kama makabati matatu, niliiandikia mwenyewe hesabu za tanuru za shaba, enzi ambazo wanaume wa ofisini walidhani nimeletwa kuipangusa. Sasa, kampuni ilipoacha kulipa mishahara, wao walikuwa wametawanyika kuchimba mawe na kulima, na mji mzima ulikuwa unang'olewa na kuuzwa. Sikumlaumu mtu, watoto lazima wale. Lakini hii hawaing'oi, nilijiambia, labda waning'oe mimi kwanza.

Bila ubaridi, kila nikiiwasha ilizimika. Basi nikangoja mwezi wa saba, wakati ambapo asubuhi ya Likasi humtoa mtu moshi mdomoni. Alfajiri nikafungua madirisha yote. Ili kuzuia vumbi la kiwanda nikatundika vitenge vilivyolowana. Vyangu havikutosha, nikaenda kwa dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya.

"Weye uko na akili kweli? Bitenge yangu ya kanisa, kwa mashini?"

"Ya kanisa ndiyo mizito, yaya."

Alinipa huku amenuna.

Mashine ikanguruma, na safari hii haikuzimika. Nilikaa mbele yake na koti langu, meno yakigongana, nikalia kwa furaha. Nikawa naiwasha kila alfajiri na kuizima jua likipanda.

Bosi alichoka kungoja sahihi yangu. Asubuhi moja akafungua mlango, ule unaotazama jua, akiwa na wanunuzi wawili wa vyuma na spana zao. Wakasimama kizingitini. Printa ilikuwa inatema karatasi, vitenge vinadondosha maji. Mnunuzi mmoja akamgeukia.

"Chef, ulisema ilikufa."

Bosi akanitazama mimi. Sikuinuka.

"Chef, funga mulango," nikamwambia. "Uko naingiza joto."