Nilivyojinoa Kwenda Awasi kwa Baiskeli

Nina saluni ndogo Nyamasaria, pembezoni mwa Kisumu, na kwa miaka mingi mazoezi yangu yalikuwa kusimama nyuma ya kiti nikisuka vichwa vya watu. Halafu mteja wangu mmoja, nesi mstaafu mwenye maneno matamu, akaniambia kikundi chao cha baiskeli kinapanga kwenda Awasi na kurudi. Nikajitazama kwenye kioo, nikajiona mwembamba kuliko nilivyo, nikasema, "Na mimi nakuja." Kioo cha saluni hakifai kuaminiwa.

Baiskeli ilikuwepo. Mume wangu aliinunua, akaichoka, akaiegemeza nyuma ya kochi. Kiongozi wa kikundi alikuwa muuza nyama wa mjini, mzee wa Kiislamu ambaye tumbo lake lilifika kona kabla ya usukani, lakini akianza kukanyaga humpati.

"Safari ndefu si miguu, ni makalio," alituambia. "Tafuteni kaptura ya sponji."

Nikaipata, nikaivaa kazini niizoee. Mama mmoja aliyekaa chini ya draya aliisukuma pembeni ili anione vizuri.

"Mama, hiyo ni pampasi?"

"Ni ya baiskeli."

"Kwani baiskeli ndiyo inakojoa?"

Saluni nzima ilicheka mpaka rola zikadondoka.

Mafunzo yenyewe yalikuwa na vituko vyake. Ukiendesha kwa kundi, wa mbele huwaonyesha wa nyuma mashimo kwa kidole. Mimi nikiachia mkono mmoja, baiskeli ilielekea kule kidole kilikoelekea. Kila shimo nililolionyesha, nililiingia. Walau wa nyuma walijua liko wapi.

Jumamosi moja tulipanga kwenda Dunga, ufukweni mwa ziwa, kujifunza kula bila kusimama. Mzee akaagiza kila mtu aweke chakula chepesi katika mfuko wa nyuma wa jezi. Wenzangu walibeba ndizi na njugu. Mimi niliangalia jikoni nikaona samaki, ngege wa kukaanga aliyebaki jana, nikamfunga kwa gazeti, nikamtia mgongoni.

Tulipokaribia Dunga, mbwa mmoja alitoka kwenye majani, akanusa upepo niliouacha, akanifuata. Nikageuka: walikuwa wawili. Nikageuka tena: sikuhesabu, nilikanyaga. Nikampita nesi. Nikawapita vijana wenye miwani ya kung'aa. Nikampita hata mzee.

"Mama, polepole!" akaniita.

"Siwezi!"

Wakadhani najigamba, wakakazana kunifukuza. Tukaingia ufukweni hivyo: mimi mbele, mbwa katikati, kikundi nyuma. Breki nilizikumbuka nikiwa tayari ndani ya nyavu zilizoanikwa. Ngege alichomoka mfukoni, na kabla sijajinasua mbwa walikuwa wamemgawana na gazeti lake.

Mzee alifika akihema. "Mashallah! Kumbe ulikuwa unatuficha nguvu! Mbwa wa huku hufukuza mtu mwenye mbio tu."

Nilifungua mdomo nimweleze. Nesi akaanza kupiga makofi. Nikaufunga.

Basi siku ya Awasi wakaniweka mbele. Niliongoza kwa heshima kubwa, na kabla hatujauona hata mji wa Ahero ulio njiani, wote walikuwa wamenipita, kila mmoja akiniuliza hali. Mzee alikuwa wa mwisho.

"Mama, kuna shida?"

"Nawavuta walio nyuma."

Aligeuka kutazama. "Nyuma hakuna mtu."

Nikamwambia aende, nitafika. Na nilifika. Nilijikokota nikipita mashamba ya mpunga, nikitukana gia kwa Kijaluo kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeniishia, mpaka nikaliona soko la Awasi. Nikashuka. Kiti cha kwanza nilichokiona nikakiangukia. Kilikuwa cha muuza nyanya, aliyekuwa amesimama kidogo kuzipanga.

"Yawa! Mama, hiyo kiti ni yangu."

"Najua. Miguu imekataa."

Alinitazama kuanzia helmeti hadi kaptura, bila haraka.

"Basi kaa. Lakini uza. Mimi naenda kumwona dada yangu hapo ng'ambo."

Akaondoka kweli! Nikabaki na nyanya za watu. Mwanzoni niliomba asije mteja. Lakini watu walisogea kumtazama mama mwenye helmeti, na mtu akishasogea ni vigumu aondoke bila kununua. Mnunuzi mmoja akauliza nyanya zimetoka wapi. Nikasikia "umetoka wapi," nikajibu, "Kisumu, na sijui kama nitarudi."

Kikundi kilinikuta hapo. Walikuwa wamemaliza chai na kuanza kunitafuta kwenye mitaro. Kiongozi wetu akasimama mbele ya nyanya, mikono kiunoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakuuzia ngapi?"

Alicheka akashika tumbo, kisha akanunua fungu zima. Mwenye nyanya aliporudi alikuta mafungu mawili tu. Akataka kujua kama nitakuja tena siku ya soko.

Kurudi, walikubali kwenda mwendo wangu, na nesi aliniimbia nyimbo za kanisa kila nilipozubaa. Langoni kwangu nilishindwa kuinua mguu nishuke, ikabidi mume wangu ainamishe baiskeli nimwagike kama gunia.

"Umefika Awasi kweli?" akauliza.

"Nimefika," nikamwambia nikiwa chini. "Hata kazi nimepata."