Soketi za Safari ya Mama

Mume wangu alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu nje, nami nimesimama juu yake nikifoka. "Kwani hizo soketi ni za kwenda mwezini? Siku nzima!" Akiwa na kazi mkononi huwa hajibu, na tabia hiyo imenichosha tangu anioe.

Tulikuwa na haraka mbaya. Kule kwetu Kenya mama mdogo alikuwa mahututi, ndugu wa pekee aliyembakia mama, na mama alitaka amkute hai. Basi. Hakutaka kingine. Lakini mama mwenyewe, tunayeishi naye hapa Namuwongo, Kampala, kifua kilikuwa kimemzidi. Kukaa wima kwenye basi la abiria safari nzima asingeweza. Tukaamua asafiri amelala ndani ya gari la mume wangu, lile kuukuu la dizeli alilolitia kitanda na jiko ili alikodishe kwa watalii. Kilichokosekana ni mahali pa kuchajia kimashine chake cha kuvutia dawa ya kifua, kinachotumia waya wa USB kama simu. Bila hicho hafiki hata Jinja.

Gari lenyewe lina betri mbili za volti kumi na mbili, zikiungana ni ishirini na nne. Soketi alizonunua sokoni Nateete ni za kumi na mbili.

"Si inatakiwa ile ya kupunguza umeme?" nikauliza.

"Ya nini? Navuta waya kwenye betri moja, ya pili naiacha. Kampala nzima wanafunga redio hivyo."

Na kweli, wanafunga hivyo.

Jioni soketi zikawaka kitaa cha buluu. Mama akahamia mle mle garini, kitandani, ili alfajiri tuondoke bila kumsumbua. Kimashine kikachaji, simu ikachaji, feni ndogo ikampepea usiku kucha. "Mkwe wangu ana mikono ya baraka," aliniambia kabla hajalala. Nikalainika, nikampelekea mume wangu chai.

Alfajiri akazungusha ufunguo. Kek. Akarudia. Kek. Betri moja ilikuwa imenyonywa ikakauka, na gari kama lile halikubali kuamshwa na betri moja. Nililia, sioni haya kusema. Nilimwita mume wangu majina yasiyoandikika, mbele ya majirani waliokuja mbio wakisema, "Banange, jamani, tusukume!" Wakasukuma. Namuwongo hakuna mteremko wa maana. Gari likajikokota kidogo, likazama kwenye matope karibu na reli. Mume wangu akadandia boda kwenda kutafuta betri ya kuazima. Jua likapanda, naye harudi, na kila nikimpigia hapokei.

Nikaingia kumtazama mama. Alikuwa amejifunga kitambaa chake cha safari, anatabasamu.

"Tumefika wapi?"

Mungu wangu! Lile gari liliposogea, alidhani tumeondoka. Nilitamani nimdanganye, nimwambie tuko Mukono. Nikashindwa. Nikamwambia ukweli wote.

Akaniomba nipige simu nyumbani, Kenya. Binamu yangu akapokea, akaiweka sikioni mwa mama mdogo. Kuongea alishindwa. Tulisikia anavyohema tu, kwa shida, na mama naye anahema huku, simu ikiwa bado kwenye waya wa ile soketi.

"Mdogo wangu," mama akasema, "nilitaka kuja. Gari limekataa. Usiningoje tena, umechoka. Lala."

Akayarudia hayo kwa lugha yetu ya nyumbani, polepole, kama anayembembeleza mtoto. Aliendelea hivyo mpaka ile pumzi ya upande wa pili ikawa haisikiki, na binamu akaichukua simu akilia.

Sikumbuki nilikaa pale kwa muda gani nimemshika mama miguu. Nilisikia boda, kisha vyuma vinagongana mbele, na ghafla injini ikanguruma, gari zima likatetemeka. Mume wangu akachungulia ndani, jasho linamtiririka, meno yote nje.

"Mama, twende! Kabla ya giza tumefika!"

Mama akageukia ukutani.

"Mwambie azime," akaniambia.