Siku Nilipopangusia Oili Nusu ya Doti

Mimi nina nyumba mbili hapa Same, mashine ya kusaga na duka la kanga, na vyote nimevipata kwa darasa la nne tu, kwa hiyo nikiwaambia kwamba niliwahi kukalia mfereji nimevaa suti mbele ya akina mama wa Suji, mjue bado inaniuma. Ila afadhali niseme mwenyewe kuliko mkasimuliwa na wale wanaoongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile serikali imeshafungulia biashara huria, mimi nimetoka kwenye mitumba nimeingia kwenye pikapu (yangu, siyo ya kuazima), na siku hiyo nilipanda Suji, kijijini kwetu milimani, na dereva wangu kumchukua mama aje abariki nyumba yangu ya kwanza. Mbuzi wameshachinjwa, wageni wanakusanyika Same. Majirani wa mama wakalizunguka gari, na hapo shetani wa majivuno akaninong'oneza: fungua boneti waone injini. Hakuna aliyeniomba, wala injini haikuwa na tatizo. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikavuta kitambaa kikuukuu kilichoanikwa uani, nikapangusa kwa madaha, nikawaambia, "Gari ni kama ng'ombe wa maziwa, ukilisahau linakukaukia."

Mara mama akatoka ndani. "Elia, kanga yangu niliyoianika iko wapi?"

Iko mkononi mwangu, nyeusi tii.

Ngoja niwaeleze ile kanga. Enzi za dhiki, maduka matupu, hata sabuni ni bahati, mama na rafiki yake Mama Naetwe, waliolima pamoja tangu walipoolewa, walipanga foleni kutwa kwenye duka la kijiji, wakafika dirishani imebaki doti moja. Wakaikata, kila mmoja upande wake. Tangu hapo, mwenye shughuli ndiye huvaa doti nzima: alipofariki baba, Mama Naetwe alileta upande wake; alipoolewa Naetwe, mama akapeleka wake. Na siku hiyo ilikuwa zamu ya mama. Mama Naetwe huyoo, anapanda kilima akihema, upande wake umepigwa pasi ya mkaa, ameubeba kwa mikono miwili kama trei ya mayai.

"Mama, usijali," nikasema kwa sauti ili watu wasikie, "garini nina doti tatu mpya, bado zinanukia kiwanda!"

"Kajifunge wewe," mama akajibu, akaketi kizingitini. "Mimi siendi."

Jamani, nyumba bila baraka ya mama! Nikanyakua sabuni, nikakimbilia mferejini, na kumbe maji ya ndiva (bwawa letu la juu) yamefunguliwa asubuhi ile, akina mama wamejaa wanafua.

"Sugua na pindo, tajiri!"

"Ndivyo unavyofua hivyo? Mkeo ana kazi!"

Nikasugua, nikateleza, nikaketi majini mpaka kiunoni, tai inaelea mbele yangu kama kambale. Doa halikutoka. Nikarudi nachuruzika, nikapiga magoti mbele ya Mama Naetwe.

"Shikamoo mama, nimekosa." (Kwa majivuno yale nilikuwa hata sijamwamkia.)

"Marahaba. Kile kijiti chako kiko wapi?"

Nikajua nachapwa. Nikampa. Yeye akakichovya tena kwenye oili, akakipangusia katikati ya upande wake ule msafi, uliopigwa pasi, watu wote wanatazama.

"Haya, Mama Elia, simama. Doti ni pande mbili zinazofanana."

Mama akamwangalia, akaanza kucheka, kile kicheko chao nilichokisikia tangu utotoni wakipalilia, ambacho mpaka leo sijui huwa wanacheka nini. Akajifunga upande mmoja umelowa, akajitanda wa pili mkavu, madoa yote mawili nje. Wakakaa mbele na dereva.

"Wewe na matope yako," mama akasema, "nyuma."

Nikateremka Same nyuma ya pikapu yangu mwenyewe, kati ya mikungu ya ndizi, wageni wangu wamejipanga barabarani wakipiga vigelegele kwa mama, kisha wakaniona mimi, wakanyamaza.

Leo dukani kwangu kanga zimefika darini, nimewapa wale wazee wangu doti sijui ngapi, na zote zimelala sandukuni. Basi mimi boneti sifungui tena mbele za watu, na oili napangusia shati langu.